Kompyuta Ikiwa Nzito, Tazama Kwanza Kisha Punguza

Kompyuta ya Windows ikianza kuwa nzito, wengi hukimbilia moja ya mambo matatu: kushusha programu ya kusafisha, kuipeleka kwa fundi apige Windows upya, au kuanza kudunduliza pesa za mashine nyingine. Kila moja lina wakati wake. Kasoro yake ni kwamba yote matatu huamuliwa kabla mwenye kompyuta hajajua ni kitu gani hasa kinachoielemea. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kompyuta nyingi za nyumbani na ofisini zimelemewa na kazi ambazo mwenyewe hakuziagiza, Windows yenyewe inaweza kukuonyesha kazi hizo bila kulipia chochote, na nafuu kubwa huja kwa kupunguza. Ukishika hilo, karibu kila mbinu ndogo utakayoisikia utaweza kuipima mwenyewe kama ina maana au ni kelele tu.

Anza kwa kutazama. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka huitwa Task Manager, na kwenye Windows 10 likija dogo, bofya More details chini yake. Utaona orodha ya programu zote zinazofanya kazi wakati huo, pamoja na safu zenye asilimia: CPU, yaani kichakataji, Memory, yaani RAM, Disk, yaani diski inayotunza faili, na Network, yaani mtandao. Bofya kichwa cha safu yoyote, na programu zitajipanga kwa ulaji, mlaji mkubwa akiwa juu. Jambo la muhimu ni wakati wa kutazama. Ukifungua dirisha hili kompyuta ikiwa imetulia, halitakwambia kitu. Lifungue pale pale inapokwama, au dakika moja baada ya kuiwasha, ambapo kila programu inagombania nafasi. Safu iliyofika juu ya asilimia 90 na kung'ang'ania huko ndiyo inayokuonyesha tatizo liko wapi, na jina lililo juu kabisa ya safu hiyo ndilo la kwanza kuulizwa maswali.

Safu ya Disk ndiyo inayowatisha watu zaidi, na inastahili maelezo marefu kwa sababu hapa ndipo hukumu nyingi zinapokosewa. Asilimia 100 kwenye safu hiyo haina maana kwamba diski imejaa. Ina maana kwamba katika sekunde hiyo diski haikupumzika hata kidogo. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, na nyingi ya hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja basi huchukua takriban milisekunde 11. Ukiongeza muda wa kichwa cha kusomea kuhama kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, diski hiyo haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde ikiwa maombi yenyewe yametawanyika. Hali yake ni ya karani mmoja wa masjala anayeitwa na ofisi ishirini kwa mara moja: muda wake mwingi unaishia kwenye kutembea baina ya makabati. Ndiyo maana utaona asilimia 100 huku kasi iliyoandikwa pembeni ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kwa sekunde hiyo hiyo huhudumia maelfu ya maombi. Kwa mwenye diski ya kuzunguka, basi, idadi ya programu zinazoomba kitu kwa wakati mmoja ina uzito kuliko ukubwa wa programu yoyote moja, na hapo ndipo kupunguza kunapolipa zaidi.

Pa kuanzia kupunguza ni orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Ndani ya Task Manager hiyo hiyo kuna sehemu inayoitwa Startup, au Startup apps kwenye Windows 11. Kila programu ina alama ya mzigo wake: High, Medium au Low. Mara nyingi utakuta humo programu za mikutano kwa video, za muziki, visaidizi vya printa ambayo huenda ulishaiuza, na vidude vinavyokagua kama programu fulani ina toleo jipya. Nyingi zilijiingiza siku ulipozisakinisha bila wewe kuambiwa waziwazi. Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Disable. Programu haifutwi, itafunguka kama kawaida siku utakapoiita. Usiguse vitu vya Windows Security wala vile vyenye jina la kampuni iliyotengeneza sauti au bamba la kugusia la laptopu yako. Zima mbili tatu, washa upya, tazama tofauti, kisha endelea. Ukizima kumi kwa mpigo na kitu kikaharibika, hutajua ni kipi kilichosababisha.

Kuwasha upya nako kuna siri ambayo watumiaji wengi hawajaelezwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua Shut down, kompyuta nyingi hazizimi kila kitu. Windows hufunga programu zako, lakini hali ya kiini chake chenyewe huihifadhi kwenye diski, na asubuhi huirudisha ilivyokuwa ili iwake haraka. Kwa hiyo kasoro iliyojikusanya ndani ya kiini, kama vile programu endeshi ya Wi-Fi iliyoganda, inalala na kuamka nacho. Restart haifanyi hivyo. Huanza upya kabisa. Ushahidi unaweza kuuona mwenyewe: kwenye Task Manager nenda Performance, bofya CPU, na usome palipoandikwa Up time. Kama unazima kompyuta kila jioni na bado hapo pameandikwa siku kumi au ishirini, basi kwa siku zote hizo kiini hakijaanza upya. Chagua Restart angalau mara moja kwa wiki, na kila mara mtandao, sauti au printa inapoleta ukaidi usioeleweka. Ushauri wa kuzima kabisa utaratibu huo wa kuwaka haraka, unaopatikana Control Panel chini ya Power Options, unafaa kwa mwenye SSD. Mwenye diski ya kuzunguka auache. Atapoteza muda mwingi wa kuwaka kwa faida ndogo.

Sasa tuje kwenye pingamizi la kwanza, kwamba programu za kusafisha hufanya yote haya kwa kubofya mara moja. Tuangalie zinachouza. Nyingi hujigamba kwamba zimegundua mamia ya makosa kwenye Registry, ile hazina ya mipangilio ya Windows. Lakini Windows inaposoma Registry huenda moja kwa moja kwenye kipengele inachokihitaji. Vipengele mia vilivyobaki bila kazi havimo njiani mwake, na kuvifuta hakuongezi kasi unayoweza kuihisi. Kufuta kipengele kisichopaswa kufutwa, kwa upande mwingine, kunaweza kuzuia programu isifunguke, na Microsoft yenyewe imeeleza kwamba haiungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo. Kuna hatari nyingine pia: kila programu unayoiongeza ni mlango mwingine. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwenye mifumo ya watengenezaji wa CCleaner, kisafishaji mashuhuri kuliko vyote, wakapandikiza msimbo wao ndani ya toleo la 5.33. Toleo hilo lilisambazwa rasmi kwa takriban mwezi mmoja, kuanzia katikati ya Agosti, na kuwafikia watumiaji karibu milioni 2.27. Hao walikuwa wameshusha programu halali kutoka mahali halali. Fikiria basi hali ya anayebofya tangazo linalopepesa likimwambia kompyuta yake iko hatarini.

Kusafisha kwenyewe kunahitajika, hasa diski C inapobaki na nafasi finyu, maana Windows huhitaji nafasi hiyo kwa masasisho na kwa kusaidia RAM. Lakini chombo chake kimo tayari. Fungua Settings, ingia System, kisha Storage, na utaona kila aina ya vitu na nafasi inayokula. Ndani ya Temporary files kuna mabaki ya masasisho na, mara nyingine, Windows ya zamani nzima iliyobaki baada ya kupandisha toleo, ambayo huweza kula GB nyingi. Hapo pana tahadhari moja: katika orodha hiyo folda ya Downloads huonekana pamoja na takataka. Usiiwekee alama kabla hujaifungua, kwani ndiko watu wengi huacha vyeti, barua za kazi na risiti walizotumiwa.

Mantiki hiyo hiyo ya kutoongeza inahusu vijiprogramu vidogo ambavyo watu huvitafuta kwa mambo ambayo Windows inayajua tangu zamani. Kupiga picha ya sehemu ya skrini: kitufe cha Windows, Shift na S. Kupata tena maandishi uliyonakili dakika tano zilizopita: Windows na V, ukubali mara ya kwanza kuwasha huduma hiyo. Kugeuza waraka wowote kuwa PDF: agiza kuchapisha, kisha kwenye orodha ya printa chagua Microsoft Print to PDF. Kufungua PDF: kivinjari cha Edge kinatosha. Kila kimoja cha hivi usichokisakinisha ni kitu kimoja pungufu kwenye ile orodha ya kujiwasha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama kupunguza ndiyo dawa, kwa nini tusizime masasisho ya Windows na ulinzi wa Defender, vitu vinavyokula diski na bando kuliko vingi vingine? Mafundi wengi huyazima masasisho kwa nia njema kabisa, kwa sababu wateja wao wanaunga mtandao kwa simu. Jibu liko kwenye tofauti baina ya mzigo usio na kazi na mzigo wenye kazi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika namna Windows inavyogawana faili mtandaoni. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipitia tundu hilo hilo, kikafunga faili za watu na kudai fidia katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho la Machi hazikuingilika kwa tundu hilo. Kinachofaa ni kuyapangia masasisho wakati, na hilo linawezekana. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, chagua jina la hotspoti ya simu yako, kisha washa Metered connection. Hapo Windows huelewa kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na huzuia vishushwa vikubwa. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwa hiyo kuanzia Jumatano hiyo, ukipata Wi-Fi ya ofisini, chuoni au kwa rafiki mwenye faiba, fungua Windows Update na uyashushe yote. Kama bando bado linayeyuka, ukurasa wa Data usage ndani ya Network & internet utakutajia kwa jina programu zilizokula na kiasi cha kila moja.

Kuhusu Defender, kinachozifanya kompyuta kuwa nzito mara nyingi ni antivairasi ya pili: ile ya majaribio iliyokuja na laptopu, ambayo muda wake umekwisha na sasa kazi yake imebaki kukudai pesa. Iondoe kupitia Settings, Apps, nayo Defender itashika zamu. Kinyume chake, vile vijiprogramu vya kufungua Windows isiyolipiwa, ambavyo sharti lake la kwanza ni uzime antivairasi, ni vya kukataa bila mjadala. Anayekuomba umwondoe mlinzi kabla hajaingia amekwishajieleza.

Kuna pia kirusi kinachozifanya kompyuta za Afrika Mashariki kuwa nzito, nacho husafiri kwa flashi zinazochomekwa kila siku kwenye maduka ya kuchapisha na maabara za shule. Ukiifungua flashi, folda zako zinaonekana, lakini ni vivuli: kila moja ina ukubwa wa KB 1 au 2, na ukiibofya inaendesha programu ya kirusi kabla ya kukufungulia folda halisi, iliyofichwa. Hapa pia tatizo ni kutoona. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazosema faili ni ya aina gani. Udhaifu huo ulijulikana zamani: Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichotoka Ufilipino, kilienea duniani kwa faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa Windows ilificha .vbs, watu waliona .TXT, wakadhani ni barua. Fungua File Explorer, ingia View, na kwenye Windows 11 uendelee Show, kisha weka alama kwenye File name extensions. Weka na kwenye Hidden items. Kuanzia hapo picha.jpg.exe itaonekana ilivyo, na folda yenye mshale mdogo pembeni mwa alama yake hutaibofya; utaifuta, na kuingia kwenye ile halisi yenye rangi iliyofifia. Wengine husema mpangilio huu unawachanganya wasiozoea, kwamba mtu anaweza kufuta herufi hizo anapobadilisha jina la faili. Kweli, lakini Windows humwonya kabla ya kukubali, na Ctrl na Z hurudisha jina la awali. Kosa la kubofya kirusi halirudishwi kwa vitufe viwili.

Limebaki pingamizi la wenye mashine chakavu, wanaosema kwamba hata ukipunguza vyote, kompyuta ya miaka kumi itabaki kuwa ya miaka kumi. Ni kweli kwa sehemu, na kutazama ndiko kunakoonyesha ni sehemu gani. Rudi Task Manager, Performance. Ukibofya Disk 0 utaona kama ni HDD, yaani ya kuzunguka, au SSD. Ukibofya Memory utaona jumla ya RAM na, kwa kawaida, nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Kama Memory inavuka asilimia 85 huku umefungua kivinjari na waraka mmoja tu, RAM ni ndogo, na Windows inalazimika kuhamishia ziada kwenye diski. Ndiyo maana upungufu wa RAM mara nyingi huja umevaa sura ya diski iliyochoka. Kwa mwenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, kuweka SSD kwanza, kisha kufikisha RAM GB 8, humpa kompyuta atakayofanyia kazi za ofisi kwa gharama ya chini sana kuliko mashine mpya. Kama CPU ndiyo iliyoganda juu ya asilimia 90 na feni inapiga kelele, mwambie fundi atoe vumbi ndani kabla ya jambo lingine. Kichakataji kikipata joto hujipunguzia kasi chenyewe.

Umri wa mashine unahesabika kweli kwenye toleo la Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza waliahidiwa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama. Windows 11 inadai TPM 2.0, kipande cha usalama ambacho kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazina au kimezimwa. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, na utajua yako iko upande gani. Kompyuta ambayo haiwezi kupanda Windows 11 bado inaweza kuandika, kuchapisha na kufundishia watoto. Shughuli za benki na malipo ya serikali zihamishie kwenye kifaa kinachopokea masasisho.

Ukishafanya haya na bado ukahitaji fundi, nenda ukiwa na maelezo badala ya kusema tu kwamba kompyuta ni nzito. Mwambie Disk inakaa asilimia 100 baada ya kuwasha na ni HDD, au Memory inajaa kwa kivinjari peke yake. Fundi mzuri atashukuru, na asiye mzuri atajua kwamba umeangalia. Na kabla kompyuta haijatoka mikononi mwako, nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenye diski ya nje, kisha fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo uhakikishe zinafunguka. Folda zote hizo nne, kama hukuzihamisha, zinakaa kwenye C, na C ndiyo inayofutwa Windows inapopigwa upya.